Ukurasa wa Pili wa Kauntabuku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanaamina alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kufagia mbele ya duka la baba yake, Mzee Gharibu, karibu na soko la Kibondo. Ya pili ilikuwa kumbeba mdogo wake Shamsi mgongoni mpaka mama amalize kupika uji. Ya tatu hakupangiwa na mtu, alijipangia mwenyewe. Alichukua kauntabuku yenye jalada gumu, akaipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio, kisha akaitia katikati ya begi, mbali na chupa ya maji.

"Hiyo kauntabuku unaitunza kuliko mtoto," mama yake, Swaumu, alimtania huku akikoroga uji.

"Mtoto akilowa anaanikwa, mama. Hii ikilowa klabu nzima imekwisha."

Mama alicheka, akamfungua Shamsi kutoka mgongoni mwa dada yake. "Haya, mwenye klabu, usichelewe."

Mwanaamina alipenda kuitwa hivyo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, kidato cha kwanza, na katika Klabu ya Kompyuta hakuna aliyebisha kwamba yeye ndiye wa kwanza. Klabu ilikutana kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Chumba chao kilikuwa na kompyuta ndogo sita zilizochakaa, na pembeni mashine moja kubwa iliyovuma kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili. Intaneti ilikuja na kuondoka ilivyotaka, na siku za mvua haikuja kabisa. Kwa hiyo mwalimu wao, Madam Esteri, aliweka utaratibu: kila amri mpya inaandikwa kwa mkono kwenye kauntabuku moja, na kila mwanafunzi ananakili humo anapotaka kuitumia. Mwanaamina, mwenye mwandiko kama wa kuchapwa, ndiye aliyekabidhiwa kauntabuku hiyo.

Muhula huo walikuwa wakijifunza kutengeneza kontena.

"Madam, kontena zile zinazopita barabarani kwenda Burundi?" Melkiadi aliuliza siku ya kwanza. Darasa lilicheka, kwa maana Melkiadi hakuwahi kuuliza jambo bila kuchekesha watu.

"Si mbali sana na hizo," Madam Esteri alijibu. "Mama anayekwenda kulima shamba la mbali anabeba nini? Sufuria yake, chumvi yake, kiberiti chake. Akifika, hamsumbui mwenye nyumba. Anapika popote. Kontena ya kwenye kompyuta ni programu iliyobeba kila inachohitaji. Ukiiweka kwenye mashine hii itafanya kazi, ukiipeleka Kasulu itafanya kazi vilevile."

Kisha akawaonesha. Hakugusa picha wala vitufe vya rangi. Alifungua dirisha jeusi lisilo na kitu ila kimstari kinachomemeteka, akaandika amri:

docker run -d --name mtihani -p 8081:80 rafu

Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Kompyuta ikatoa mstari mrefu wa herufi na tarakimu, basi. Lakini walipofungua ukurasa kwenye kompyuta nyingine, programu ilikuwa hai, ikingoja kuwekewa maandishi, picha au sauti.

"Neno rafu ni jina la kalibu," Madam alisema. "Mmewahi kufyatua matofali? Kalibu ni moja, matofali ni mengi. Kila mmoja wenu atafyatua kontena yake kutoka kalibu hiihii, ataipa jina lake na namba ya mlango wake."

Mwanaamina aliandika yote kwenye ukurasa wa kwanza. Wiki hiyo alikuwa wa kwanza kuamsha kontena, wa kwanza kuizima, na wa kwanza kugundua kwamba amri ya docker ps -a inaorodhesha kontena zote, hata zile zilizolala. "Mwanaamina, waoneshe wenzako," Madam alisema mara nne kwa siku moja. Mwanaamina alizihesabu.

Kisha akaja Immakulata.

Immakulata Niyubahwe alihamia kutoka Kumsenga, akawa anaishi kwa mjomba wake Claude aliyeuza tangawizi sokoni. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, sketi ndefu kuliko za wote, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Wachache wakacheka. Melkiadi, ambaye nyumbani kwao nao husalimiana hivyohivyo, aliitikia kwa sauti kubwa mpaka waliocheka wakaona haya.

Immakulata hakuwahi kugusa kompyuta. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Mwanaamina alimtazama akatabasamu pembeni ya mdomo. Huyu si wa kumwogopa.

Lakini kabla kipindi hakijaisha, Immakulata alinyoosha mkono. "Madam, samahani. Kama kontena inabeba kila kitu chake, siku ikifa, inakufa na kila kitu chake?"

Madam Esteri alisimama na chaki mkononi. "Umelifikiaje swali hilo?"

"Nimewaza tu, madam."

"Swali zuri. Zuri sana! Hilo ndilo somo letu la wiki ijayo."

Mwanaamina aliacha kuandika. Yeye ameandika mistari na mistari kwa mwandiko wa kuchapwa. Hajawahi kuambiwa zuri, kisha zuri sana, kwa pumzi moja.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu mambo mengine. Alihesabu mara ngapi Madam alisimama nyuma ya kiti cha Immakulata. Alihesabu nani alimsogezea Immakulata kiti. Hata Melkiadi, aliyezoea kumwomba yeye msaada, sasa alisema, "Imma, hebu njoo uone hii." Usiku mmoja Mwanaamina aliota Immakulata ameketi dukani kwao, kwenye kigoda chake, akimpigia hesabu Mzee Gharibu. Aliamka amekasirika kana kwamba ni kweli.

Wiki iliyofuata Immakulata hakuja. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto mchanga, alikuwa mgonjwa Kumsenga. Siku hiyo Madam Esteri alijibu lile swali. Vitu ulivyoweka ndani ya kontena hukaa humohumo. Ukitengeneza kontena mpya, inaanza tupu kama chumba kipya. Kwa hiyo mwenye kazi ya kudumu huongeza kipande kidogo kwenye amri, kinachosema vitu vyangu vikae kwenye folda iliyo nje. Kontena ije, kontena iondoke, vitu vipo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa. Mwanaamina alifungua wa pili, akaandika kwa wino wa bluu:

-v /kazi/jina-lako:/data

Chini yake akaongeza: Iwekwe kabla ya neno rafu. Usisahau!

"Mwanaamina," Madam alisema, "Immakulata akirudi umfungulie ukurasa huu. Yeye ndiye aliyeuliza."

"Sawa, madam."

Siku hiyohiyo Madam alitangaza habari iliyowafanya wote wapige meza. Mwisho wa mwezi kutakuwa na maonesho ya kazi za vijana Kasulu. Klabu itapeleka kazi moja na mwanafunzi mmoja. Mwanaamina alijiona ameshafika. Kazi yake, maswali ya hesabu yaliyopambwa kwa maua pembeni, ilikuwa karibu kukamilika.

Immakulata alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amekonda. Bibi yake, Maximilla, alikuwa amefariki. Wenzake walimpa pole, na Mwanaamina naye alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini haikudumu mpaka jioni.

"Mwanaamina, naomba kauntabuku," Immakulata alisema. "Nataka kutengeneza kontena yangu. Nina kazi ya Kasulu."

"Kazi gani?"

"Maharage." Immakulata alishusha sauti kama anayetoa siri. "Bibi alikuwa na mbegu za maharage aina kumi na tisa. Kabla hajaumwa nilimrekodi kwenye simu ya mjomba. Kila aina anasema jina lake, inapandwa wapi, alipewa na nani. Wengine walimpa tangu wakiwa Burundi. Nataka mtu akibonyeza picha ya mbegu, amsikie bibi."

Mwanaamina alifikiria maswali yake ya hesabu na maua yake. Ghafla yalionekana kama kazi ya mtoto.

Alifungua ukurasa wa kwanza, akaushikilia kwa kidole gumba. Immakulata alinakili taratibu, herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Kontena yake akaiita mbegu. Alipomaliza aliinua macho.

"Tayari? Hakuna kingine?"

Kidole gumba cha Mwanaamina kilikuwa bado juu ya karatasi. Kuigeuza kungechukua muda wa kupiga chafya.

"Tayari," alisema. "Iko sawa."

"Mungu akubariki."

Mwanaamina alifunga kauntabuku. Alijiambia hajasema uongo mkubwa, kwa kuwa kontena ilikuwa inafanya kazi. Atamfungulia siku nyingine. Lakini siku nyingine ilipokuja, Immakulata alikuwa ameshaingiza sauti za mwanzo, na klabu nzima ilikuwa imezunguka kompyuta yake. Alibonyeza picha ya maharage mekundu yenye mstari mweupe. Sauti ya kikongwe ikatoka, Kiswahili kimechanganyika na Kiha: haya usiyapande penye maji, yatakasirika! Kisha kikongwe akacheka kicheko kirefu, na nyuma yake jogoo akawika. Wote wakacheka naye. Madam Esteri aliondoka kidogo, akasimama dirishani akifuta macho.

Mwanaamina hakumfungulia ukurasa siku hiyo wala zilizofuata. Simu ya mjomba Claude ilikuwa na nafasi ndogo, na yeye aliihitaji kwa biashara. Kila sauti iliyoingia kwenye kontena ilifutwa kwenye simu. Mwanaamina alijua hilo, maana Immakulata alilisema mwenyewe, akifurahi kwamba mjomba hatanung'unika tena.

Alhamisi, siku tano kabla ya safari ya Kasulu, Madam Esteri alikuwa kwenye kikao cha walimu. Immakulata alikuja kwenye meza ya Mwanaamina.

"Njoo uone. Nimefanya nini?"

Alikuwa ametaka kuweka kichwa cha ukurasa. Kichwa hupangwa kontena inapoanzishwa na hakibadiliki baadaye, kwa hiyo aliizima kontena ya zamani akatengeneza mpya, mbegu2, akaipa kichwa. Kwenye kioo kulikuwa na herufi kubwa nzuri: MBEGU ZA BIBI MAXIMILLA. Chini yake hapakuwa na kitu. Hakuna picha wala sauti, ni weupe mtupu.

"Vimekwenda wapi?" Immakulata alinong'ona. "Mwanaamina, wewe unajua. Vimekwenda wapi?"

Mwanaamina alijua. Sauti zote zilikuwa ndani ya ile kontena ya zamani, iliyolala tu. Ilikuwa kazi ya amri moja kuiamsha. Alifungua mdomo akisikia jinsi sentensi ya kweli ilivyokuwa fupi. Ndipo akaona kwenye meza fomu ya Kasulu, mahali pa jina pakiwa wazi.

"Vimefutika," alisema. "Kontena ukiizima, basi. Usilie."

Immakulata hakulia kwa sauti. Alikaa, machozi yakadondoka kwenye vitufe, akayapangusa kwa mkono wa sweta asije akaharibu kompyuta ya shule. "Usimwambie madam," alisema mwishowe. "Nitasema sikumaliza kazi." Akachukua begi lake akatoka.

"Huyu analia nini?" Melkiadi aliuliza.

"Amemkumbuka bibi yake," Mwanaamina alijibu. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma.

Madam aliporudi alitazama mashine kubwa akatikisa kichwa. "Imejaa hii. Jumamosi saa nne nitaisafisha. Kontena zote zilizozimwa naziondoa kwa amri moja. Mwenye chake aseme mapema."

Mwanaamina hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu mpaka Jumamosi.

Ijumaa mchana alimkuta mama amekaa uani, ungo mapajani, akichambua maharage. Shamsi alikuwa akitambaa kuufuata ungo, na kila alipofika, mama aliusogeza.

"Tazama haya yalivyo mazuri," mama alisema. "Nimeyanunua kwa mama mmoja wa Kumsenga."

Yalikuwa mekundu, yenye mstari mweupe. Mwanaamina aliketi. Alisikia kicheko kile masikioni kana kwamba kikongwe yuko nyuma ya ukuta.

"Mama, hivi mimi ni mtu wa wivu?"

"We!" Mama alicheka. "Shamsi alipozaliwa, wiki nzima hukusema nami. Siku moja nimetoka kuanika nguo, nikakusikia unaniita kwa nguvu, mama njoo, mtoto analia. Nikaja mbio. Nikamkuta ana alama mbili nyekundu kwenye paja. Ulikuwa umemfinya."

"Lakini hukunipiga."

"Sikukupiga. Nilikaa nikakutazama." Mama alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu."

Mama alimtazama kidogo, akaendelea kuchambua.

Jumamosi Mwanaamina alifika shuleni kabla ya saa nne. Umeme ulikuwa umekatika. Madam Esteri, Melkiadi na Immakulata walikuwa kwenye ngazi za nje, wakingoja. Immakulata alikuwa na ufagio mkononi. Alikuja kusaidia usafi, kama kawaida yake.

"Immakulata ananiambia hakumaliza," Madam alisema kwa sauti ya masikitiko. "Basi, Mwanaamina, jiandae. Wewe ndiye utakayekwenda Kasulu."

Muhula mzima aliyasubiri maneno hayo. Sasa yalikuja, na yalikuwa kama chai iliyosahauliwa sukari.

"Hongera," Immakulata alisema, na akamaanisha.

Mwanaamina aliomba moyoni umeme usirudi leo, usirudi kesho. Lakini mashine ndani ikaanza kuvuma, na Melkiadi akapiga kelele, "Umerudi!" Wakaingia. Madam alifungua dirisha jeusi, akaamsha kwanza kontena zilizokuwa zikifanya kazi kabla umeme haujakatika, kisha akaandika:

docker container prune

Kompyuta haikutii mara moja. Iliuliza kwanza kama ana uhakika, ikangoja jibu la ndiyo au hapana.

"Hata mashine inauliza," Madam alisema akitabasamu, akapeleka kidole kwenye kitufe.

"Madam, usibonyeze!"

Wote waligeuka. Mwanaamina hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Kuna kontena moja si takataka. Inaitwa mbegu. Ni ya Immakulata. Sauti za bibi yake zimo zote. Hazikufutika. Mimi ndiye niliyemwambia zimefutika."

Ufagio wa Immakulata ulisimama katikati ya sakafu.

Madam alizungusha kiti polepole. "Kwa nini hazikuwa kwenye folda ya nje? Ukurasa wa pili ulimfungulia?"

"Hapana, madam."

"Ulisahau?"

Lilikuwa neno jepesi. Angelishika, angesalimika nusu. Mwanaamina alitazama viatu vyake.

"Sikusahau."

Madam alirudi kwenye kioo, akajibu hapana, akasimama. "Kaa wewe. Iamshe."

Mwanaamina aliketi. Vidole vilivyokuwa vikisifiwa kwa wepesi vilikosea mara mbili. Aliizima mbegu2, akaorodhesha kontena zote. Mbegu ilikuwepo, imelala tangu siku mbili zilizopita. Akaandika docker start mbegu. Akafungua ukurasa, akabonyeza picha ya maharage mekundu.

Haya usiyapande penye maji, yatakasirika! Kikongwe akacheka, jogoo akawika.

Immakulata aliegemeza ufagio ukutani. Alikuja mpaka kwenye meza, lakini hakutazama kioo. Alimtazama Mwanaamina.

"Ulinitazama nikilia."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nisilie."

"Ndiyo. Nisamehe, Immakulata."

Immakulata aligeukia kioo. "Sijui. Ngoja kwanza nimsikilize bibi."

Wakamwachia kiti. Alisikiliza aina zote kumi na tisa, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Madam alimwambia Mwanaamina afungue ukurasa wa pili na ausome kwa sauti, naye Immakulata aandike mwenyewe. Walinakili sauti kutoka ndani ya kontena hadi kwenye folda ya nje. Wakatengeneza kontena mpya yenye kichwa cha bibi na kile kipande kidogo cha -v mahali pake.

"Sasa izime uivunje," Madam alisema.

Immakulata aliondoa mikono kwenye vitufe. "Hapana, madam!"

"Ivunje. Halafu fyatua nyingine."

Aliivunja akiwa amefumba jicho moja. Akafyatua nyingine. Bibi Maximilla alicheka palepale. Ndipo Immakulata naye akacheka, akajifunika uso kwa mikono, na Melkiadi akadakia: "Bibi huyu hafi, jamani! Tumemvunjia nyumba, yeye anacheka tu."

Madam Esteri alimpa Immakulata fomu ya Kasulu. Kisha akanyoosha mkono kwa Mwanaamina, na Mwanaamina akajua anataka nini. Aliitoa kauntabuku kwenye begi, akaipangusa vumbi mara ya mwisho, akaikabidhi.

"Atakaa nayo Immakulata mpaka muhula uishe," Madam alisema. "Na leo nyumbani utamweleza mama yako mwenyewe. Mimi sitampigia simu."

Nyumbani, maharage yalikuwa jikoni yakichemka. Mwanaamina alisimulia yote amesimama, bila kuacha kitu, hata ile ndoto ya kigoda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, Shamsi akinyonya. Hakupaza sauti.

"Umefanya vibaya," alisema. "Mtoto wa watu amefiwa, wewe ukamnyang'anya bibi yake mara ya pili. Hilo usilisahau upesi."

"Ndiyo, mama."

"Sasa keti nikwambie lile la Shamsi, jana sikumaliza. Unajua kwa nini sikukupiga? Kufinya ulimfinya. Lakini hukukimbia. Uliniita mwenyewe, ukijua nitaziona zile alama. Wivu unaingia kwa kila mtu, mwanangu. Hata mimi unaniingia, nikiwaona wenzangu waliosoma mchana utotoni, wakati mimi nasoma jioni darasa la watu wazima na mtoto mapajani. Hauombi ruhusa, na kuuhisi si kosa. Kosa ni kuupa mkono wako ufinye, na ulimi wako useme uongo. Na ukishafinya, usinyamaze mpaka alama zipotee. Ita mtu. Leo umeita. Umechelewa, lakini umeita."

Mwanaamina alilia hapo, akaegemea bega la mama. Shamsi aliacha kunyonya, akamshika pua.

Jumanne Immakulata alikwenda Kasulu na Madam. Alhamisi, Mwanaamina alipoingia klabu, hakujua aketi wapi. Alikwenda meza ya nyuma. Baada ya muda kitu kikawekwa mbele yake: kauntabuku, imefunguliwa kwenye ukurasa wa kwanza, na juu yake kikaratasi cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na maharage saba meusi, yenye jicho la njano.

"Mama mmoja Kasulu alimsikia bibi, akanipa haya," Immakulata alisema akiwa amesimama. "Amenirekodia jina la mbegu hii. Sasa ni aina ya ishirini." Akaisogeza kauntabuku. "Mwandiko wangu mbaya. Ile amri ya ukurasa wa pili, nataka iandikwe hapa, ukurasa wa kwanza, kila mtu aione."

"Hapana nafasi," Mwanaamina alisema.

"Pembeni ipo."

Mwanaamina alichukua kalamu nyekundu. Immakulata alivuta kiti, akaketi kando yake, akaangalia herufi moja moja zikiandikwa mpaka ya mwisho.